Kulitambua Gari la Zamani Pichani

Picha ya gari la miaka ya mwanzo huulizwa maswali matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni gari gani, yaani limetoka kiwanda kipi na ni modeli ipi. La pili ni lilitengenezwa mwaka gani. La tatu ni picha yenyewe ilipigwa lini, na wapi. Kulijibu moja si kuyajibu mengine. Ford iliyotoka kiwandani mwaka 1914 huenda ilipigwa picha mwaka huohuo mbele ya duka la wakala, kisha ikapigwa tena miaka kumi na mitano baadaye ikiwa na madigadi ya gari jingine, taa moja, na turubai lililoshonwa na fundi wa mtaani. Aliyeandika "1914" nyuma ya picha ya pili amesema kweli kuhusu gari na amepotosha kuhusu picha. Sehemu kubwa ya makosa yaliyomo katika vitabu na makumbusho imetokana na jambo hilohilo: tarehe ya gari kufanywa tarehe ya picha, au kinyume chake.

Kanuni mbili zinaongoza kazi yote. Ya kwanza inahusu uzito wa ushahidi. Chasisi, ekseli, springi, rejeta na vitovu vya magurudumu ni vigumu kubadilishwa, kwa hiyo ushahidi wake ni mzito. Bodi inafuata. Taa, matairi, honi na turubai vinakuja mwisho, kwa kuwa mwenye gari aliweza kuvinunua popote. Ya pili inahusu tarehe: kitu kipya kuliko vyote kinachoonekana pichani ndicho kinachoweka mpaka wa chini. Gari lenye kila dalili ya mwaka 1910 lakini likiwa na bampa la mbele la miaka ya 1920 halikupigwa picha mwaka 1910, hata kama sehemu zake nyingine zote zinashuhudia hivyo.

Umbo la jumla

Kabla ya kutafuta jina, hutazamwa gari zima: injini iko wapi, magurudumu ni mangapi, dereva ameshika nini. Gari la Karl Benz, lililoombewa hataza tarehe 29 Januari 1886, lilikuwa na magurudumu matatu na injini yake ilikaa nyuma. Lile la Gottlieb Daimler la mwaka huo lilikuwa na manne, na kwa kweli lilikuwa gari la kukokotwa na farasi lililotiwa injini. Kwa miaka kama kumi na mitano iliyofuata, viwanda vingi viliendelea kuunda magari yasiyo na pua. Maarufu kati ya hayo ni Oldsmobile ya Marekani ya mwaka 1901 hadi 1907, ambayo ubao wake wa mbele umejikunja kuelekea kwa abiria, injini imefichwa chini ya kiti, na dereva anaongoza kwa fimbo inayofanana na kana ya mashua. Picha yenye vitu hivyo vitatu kwa pamoja haina utata mwingi.

Mpangilio uliokuja kushinda ulianza Ufaransa mwaka 1891, pale Panhard et Levassor walipoiweka injini mbele, gia nyuma yake, na kuipeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Mwaka 1901 Wilhelm Maybach, akimtengenezea mfanyabiashara Emil Jellinek, aliukamilisha mpango huo katika Mercedes ya nguvu za farasi 35: chasisi ndefu ya chuma iliyokaa chini, na rejeta ya vijitundu vingi mithili ya sega la nyuki imesimama wima mbele ya injini. Baada ya hapo magari mengi yalianza kufanana, na mtambuzi hana budi kuacha umbo la jumla na kusogea karibu zaidi.

Tahadhari mbili zinafaa. Kukosekana kwa boneti si dalili ya uzee peke yake: Lanchester ya Uingereza iliendelea kuweka injini kati ya viti vya mbele muda mrefu baada ya wengine kuhamia mbele, na magari ya umeme kama Detroit Electric, lililoanza kutengenezwa mwaka 1907, hayakuhitaji rejeta hata kidogo. Cheni inayoonekana ubavuni ikielekea gurudumu la nyuma ni dalili nzuri ya gari dogo la kabla ya takriban 1910, lakini kwa malori haisemi mengi, maana malori yalibaki na cheni kwa miaka mingi zaidi.

Uso wa gari

Rejeta ndiyo sahihi ya kiwanda. Kabla ya miaka ya 1930 ilikuwa wazi mbele ya gari, na kila kampuni iliyojiheshimu ilitaka yake itambulike kutoka mbali. Ya Rolls-Royce ina kichwa cha pembe kali kama paa la hekalu la Kigiriki. Sanamu ya mwanamke aliyeinama juu yake, kazi ya mchongaji Charles Sykes, haikuwepo kabla ya 1911. Delaunay-Belleville ya Ufaransa, kampuni iliyotokana na biashara ya boila, ilikuwa na rejeta na boneti za mviringo kama pipa. Morris ya Uingereza ya 1913 hadi 1926 ina pua iliyovimba ambayo Waingereza waliifananisha na ya fahali. Vauxhall hutambulika hata picha ikipigwa kutoka ubavuni, kwa sababu ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye boneti yake kutoka mbele kwenda nyuma.

Renault inahitaji maneno zaidi, kwani ndiyo inayowapotosha wengi. Hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1920 rejeta yake ilikaa nyuma ya injini, na boneti ikateremka mbele kama ndoo ya makaa iliyofunikwa, bila kitundu cha hewa kwenye pua. Mtu akiona boneti ya namna hiyo husema "Renault" papo hapo. Lakini Charron, Clément-Bayard na wengine waliunda magari ya mtindo uleule, na lori la Mack AC la Marekani lililoanza mwaka 1916 lina sura hiyohiyo kwa ukubwa wa lori. Pua ya Renault inafungua uchunguzi tu. Wa kuufunga ni herufi kwenye kifuniko cha kitovu cha gurudumu.

Kuiga kulikuwa kwa kawaida hata kwa makampuni makubwa. Buick za mwaka 1924 zilikuja na rejeta iliyofanana mno na ya Packard, na katika picha iliyofifia hizo mbili hutenganishwa kwa ukubwa wa gari na vitovu vya magurudumu, ambavyo kwa Packard vina alama ya pembe sita. Kwa upande mwingine kuna dalili ambazo hazikuigwa sana. Pierce-Arrow ya Marekani ilianza takriban mwaka 1913 kuzipachika taa kubwa ndani ya madigadi ya mbele, si pembeni mwa rejeta. Anayeziona taa hizo amelitambua gari. Asipoziona hawezi kusema silo, maana wateja waliruhusiwa kuagiza taa za kawaida.

Ford Model T kwa karibu

Hakuna gari linaloonekana katika picha nyingi za zamani kuliko Ford Model T. Liliingia sokoni Oktoba 1908, likaachwa kutengenezwa Mei 1927, na kwa muda huo yalitoka zaidi ya milioni 15. Inasemwa mara kwa mara kwamba Model T zote zinafanana. Kauli hiyo inatoka kwa watu ambao hawajaziweka picha mbili za miaka tofauti kando kwa kando.

Kwanza ni kuhakikisha kwamba ni Ford. Springi ya mbele ndiyo dalili bora: iko moja tu, imelala kwa upana wa gari juu ya ekseli, wakati magari mengi ya wakati huo yalikuwa na springi mbili za urefu, moja kila upande. Picha iliyopigwa kutoka mbele huionyesha kama upinde chini ya rejeta. Magurudumu ni ya mbao yenye spoku kumi na mbili. Kwenye gari la Marekani la kabla ya 1919, tairi za mbele ni nyembamba kidogo kuliko za nyuma, inchi 3 dhidi ya 3½.

Halafu zinakuja tarehe. Rejeta ya shaba inayong'aa ni ya modeli za hadi mwaka 1916. Kuanzia modeli ya 1917 ilifunikwa kwa bati lililopakwa rangi nyeusi, na wakati huohuo madigadi ya mbele, yaliyokuwa bapa, yalipata mgongo. Taa kubwa za mbele zilitumia gesi ya kabidi hadi mwaka 1914. Za umeme ziliingia na modeli ya 1915. Hapo pana upenyo mwembamba wenye faida kubwa: gari lenye rejeta ya shaba na taa za umeme, zote za asili, ni la 1915 au 1916. Madigadi ya nyuma yaliyopinda kufuata mduara wa gurudumu nayo yalianza 1915. Kioo cha mbele kilichoegemea nyuma badala ya kusimama wima kinaelekeza kwenye modeli ya 1923. Rejeta iliyoinuliwa, ikiwa na kipande cha bati chini yake kinachoziba nafasi kati ya chasisi na boneti, ni ya 1924 na 1925. Modeli ya 1926 ilishushwa chini, ikapata madigadi mapana, na rangi nyingine zikarudi baada ya miaka ya weusi mtupu uliodumu tangu 1914.

Mlango nao unasema. Gari la wazi la viti vinne na zaidi lililotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1925 lilikuwa na mlango wa uongo upande wa dereva: mstari tu uliobonyezwa kwenye bati, bila bawaba wala kitasa. Magari ya Kanada yalikuwa na mlango wa kweli upande huo wa kushoto. Jambo hili linazigusa moja kwa moja picha za Afrika Mashariki, kwa sababu haki ya kuuza Ford katika makoloni ya Uingereza ilikuwa ya Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904 na yenye kiwanda chake Walkerville, Ontario. Ford ya Nairobi au Mombasa ya miaka ya 1920 yapasa kulinganishwa na orodha za vipuri za Kanada kabla ya zile za Detroit.

Vitu vidogo vinavyotaja muongo

Nje ya Ford, ambako mabadiliko ya mwaka kwa mwaka hayajulikani vizuri namna hiyo, hutegemewa vitu vilivyoenea katika magari yote kwa wakati mmoja. Taa za mafuta, kisha za karabai zenye tangi au mtungi wa gesi kwenye ubao wa kukanyagia, kisha za umeme: mfuatano huo ulikamilika katika magari mengi kati ya 1911 na 1915. Stata ya umeme ilianza na Cadillac ya modeli ya 1912, lakini haionekani pichani, na hendeli ya kuzungushia injini iliendelea kuning'inia mbele ya magari yenye stata kwa miaka mingi, kwa hiyo haifai kuwa ushahidi. Milango ya mbele ni nadra kabla ya 1910 na ni ya kawaida baada ya 1912. Tairi jeupe au la kijivu chepesi huwashangaza watazamaji wa leo. Mpira wa awali ulikuwa wa rangi hiyo, na weusi uliletwa na masizi ya kaboni yaliyoanza kuchanganywa katika miaka ya 1910.

Ngoma za breki kwenye magurudumu ya mbele ni kitu cha kutafutwa kwa bidii. Zilikuwa nadra kabla ya 1921, zikaenea kuanzia 1924, na kwa kuwa hazifungiki kirahisi kwenye gari la zamani, mpaka wake wa chini ni wa kuaminika. Matairi manene ya upepo mdogo yalikuja wakati huohuo. Bampa lilianza kuwa la kawaida katikati ya miaka ya 1920, lakini liliuzwa kama nyongeza, na gari la 1915 lingeweza kufungwa moja.

Hapa kuna mtego wa rangi. Magari ya mwanzo yalipambwa kwa shaba ya njano, baadaye nikeli, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kromu. Katika picha nyeusi na nyeupe vyote vitatu hung'aa. Anayedai kuona nikeli katika kadi ya posta anaona anachotaka kukiona.

Bodi inayodanganya

Magari ya bei kubwa yaliuzwa kama chasisi tupu yenye rejeta na boneti; bodi iliundwa na fundi mwingine kwa agizo la mteja. Wapo waliokuwa na bodi mbili kwa chasisi moja, ya wazi ya kiangazi na iliyofunikwa ya majira ya baridi. Mstari wa bodi kwa hiyo unamtaja fundi na mtindo wa wakati, na haumtaji mtengenezaji wa gari.

Nchini Kenya miaka ya 1920 jambo hili lilipata sura yake. Chasisi za Kimarekani, zilizopendwa kwa kuwa zilikaa juu na springi zake zilistahimili mashimo, ziliwekewa bodi za mbao za umbo la sanduku, nyuma wazi au zikiwa na waya na turubai, kazi ya mafundi wa Kihindi wa mjini. Gari la safari katika picha ya wakati huo huenda ni Buick, Chevrolet, Hudson au jingine kabisa, na kuanzia nyuma ya kiti cha dereva halina alama yoyote ya kiwanda. Katika picha ya namna hiyo hutazamwa rejeta, vitovu na idadi ya vipenyo vya hewa kwenye ubavu wa boneti. Mengine yote yaachwe.

Gurudumu kama rula

Picha iliyopigwa ubavuni inaruhusu kupima. Umbali kati ya kitovu cha mbele na cha nyuma katika Ford T ni inchi 100, na kipenyo cha tairi ni inchi 30, kwa hiyo gurudumu linaingia mara tatu na theluthi. Ford TT, lori dogo lililotokana na gari hilo mwaka 1917, lina inchi 124; likipimwa kwa tairi la mbele linatoa zaidi ya mara nne. Mtu aliyeandika "Ford T yenye bodi ya mizigo" anaweza kusahihishwa kwa rula ya mwanafunzi. Kipimo hiki lakini kinafaa zaidi kukanusha kuliko kuthibitisha, kwa kuwa magari makubwa yalikuwa na magurudumu makubwa na uwiano ukabaki karibu uleule. Kamera ikiwa imekaa kwa mshazari, gari hufupika machoni na kipimo hakifai.

Namba, maandishi na picha zilizogeuzwa

Kibao cha namba kikisomeka, kazi hupungua nusu. Uingereza ilianza kusajili magari tarehe 1 Januari 1904 kwa sheria ya mwaka uliotangulia, kila wilaya ikipewa herufi zake. A peke yake ilikuwa ya London. Katika Ujerumani ya kabla ya vita, namba ya Kirumi ilitaja dola: I ni Prussia, II ni Bavaria, na IA ikawa Berlin. Majimbo ya Marekani, yakiongozwa na Massachusetts iliyotoa vibao vya jimbo mwaka 1903, baadaye yalizoea kubadilisha vibao kila mwaka na mara nyingi kuuandika mwaka wenyewe, jambo linaloipa picha tarehe bila ubishi. Namba ya Uingereza, kinyume chake, ilibaki na gari maisha yake yote. Inaeleza lilisajiliwa lini na wapi, haielezi lilipigwa picha lini.

Upande wa usukani ni shahidi dhaifu kuliko unavyodhaniwa. Kabla ya Ford T kuuzoesha umma wa Marekani usukani wa kushoto, magari mengi ya nchi hiyo na ya Ufaransa yaliongozwa kutoka kulia, ingawa barabara zao ziliendeshwa kulia vilevile. Pierce-Arrow ilishikilia usukani wa kulia hadi karibu 1920. Usukani wa kulia katika picha ya 1908 hauthibitishi kuwa ni Uingereza wala koloni lake.

Tena huenda usukani wenyewe umehama. Kioo cha negativu kikiwekwa kinyume wakati wa kuchapa, picha nzima hugeuka kama katika kioo cha kujitazamia. Maandishi ya duka hufichua kosa hilo mara moja. Pasipo maandishi hutazamwa makoti ya wanaume, ambayo hufungwa kushoto juu ya kulia. Picha za kuchapwa vitabuni zimegeuzwa mara nyingi kuliko wasomaji wanavyofikiri, wakati mwingine kwa makusudi ili gari "litazame" ndani ya ukurasa.

Karatasi na lensi

Picha yenyewe ni kitu chenye umri. Vioo na filamu za kawaida hadi miaka ya 1920 havikuhisi nyekundu, kwa hiyo gari jekundu hutoka jeusi na la buluu hutoka jeupe jeupe. Kumwambia mtu rangi ya gari kwa kutazama picha kama hiyo ni kubahatisha. Kadi ya posta hutazamwa mgongoni: Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani kukaa upande mmoja kuanzia 1902, na Marekani kuanzia 1907, hivyo kadi ya Marekani yenye mstari wa katikati si ya kabla ya hapo. Karatasi za AZO, zilizotumiwa sana kwa kadi za picha, zina pembetatu kwenye kisanduku cha stempu: nne zikielekeza juu kwa kawaida ni za hadi 1918, mbili juu na mbili chini ni za baadaye. Tarehe ya karatasi ni ya kuchapwa, na negativu inaweza kuwa ya zamani zaidi.

Mfano mmoja unakusanya karibu kila kitu kilichosemwa. Mfaransa Jacques-Henri Lartigue, akiwa bado kijana, alipiga picha ya gari la mashindano likipita kwa kasi: gurudumu la nyuma limekuwa yai lililoinama mbele, na watazamaji kando ya barabara wameegemea nyuma. Shata ya kamera yake ilikuwa mwanya unaopita mbele ya kioo na kuandika picha ukanda kwa ukanda; gari lilisogea wakati mwanya ukiendelea kushuka, na kamera yenyewe ilikuwa ikigeuzwa kulifuata. Kwa miongo mingi picha hiyo ilitajwa kuwa ni Delage katika Grand Prix ya Ufaransa ya 1912. Namba 6 iliyopakwa kwenye tangi ilipolinganishwa na orodha za washiriki, ikaonekana kuwa ni Th. Schneider iliyoendeshwa na Croquet, katika mbio za Amiens za Julai 1913. Mwaka na jina la gari vyote viwili vilikuwa na kosa katika picha mashuhuri kuliko zote za mashindano ya awali, na ushahidi wa kusahihisha ulikuwa katikati ya picha muda wote.

Picha za Afrika Mashariki

Picha za magari ya mwanzo katika pwani na bara zimetawanyika. Nyingi zilitoka katika studio za biashara, kama A. C. Gomes na ndugu Coutinho wa Unguja, au kwa Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi katika Tanganyika ya wakati wa Wajerumani na ambaye picha zake zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Mkusanyo mkubwa wa Humphrey Winterton, wenye maelfu ya picha za tangu karne ya 19, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Wapiga picha hawa waliwatazama watu, majengo na bandari. Gari liliingia kwa bahati. Ndiyo maana maelezo yao ya chini huwa sahihi kuhusu mtaa na hafifu kuhusu gari.

Safari mbili zilizopigwa picha sana zinaonyesha faida na hatari ya jina linalojulikana. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililojengewa magurudumu makubwa na tumbo lililoinuliwa, akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Gari hilo lilitoka kiwanda cha Gaggenau, ambacho Benz ilikimeza mwaka 1910. Maelezo yanayoliita Benz yanalipa jina ambalo halikuwa lake safari ilipofanyika. Ya pili ni msafara wa Citroën wa 1924 na 1925, uliovuka bara kwa magari yenye minyororo ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma, ukagawanyika ulipofika Kampala, kundi moja likaelekea Mombasa na jingine Dar es Salaam. Kila gari lilikuwa na nembo yake ubavuni: mdudu wa dhahabu, aina ya mbawakawa, kwa lile la mkuu wa msafara Georges-Marie Haardt, mwezi mwandamo wa fedha kwa la msaidizi wake, tembo, konokono mwenye mabawa na nyinginezo. Nembo inalitaja gari moja kati ya manane. Lakini jina la mdudu wa dhahabu lilikuwa tayari limetumika katika safari ya Citroën ya Sahara ya 1922, kwa hiyo nembo bila mandhari haitoshi.

Kuandika matokeo

Maelezo mazuri ya picha hutenganisha kilichoonekana na kilichokisiwa. "Ford T, 1922, Tabora" inapendeza na huenda ni uongo mtupu. "Ford T ya wazi, modeli ya kati ya 1917 na 1922 kwa rejeta nyeusi na kioo cha mbele kilichosimama, picha si ya kabla ya 1924 kwa bampa na matairi manene, mahali ni kwa maandishi ya penseli nyuma" ni ndefu, lakini anayekuja baadaye anaweza kuipima na kuisahihisha. Mahali ambapo ushahidi umekwisha panaandikwa hivyohivyo.

Mwenye picha kama hizo katika albamu ya familia asizikate kingo na asizibandue kwa nguvu kwenye kurasa zake. Aziskani nzima, mbele na nyuma, kwa ukubwa wa kutosha kusoma herufi za kitovu cha gurudumu, na aandike kwa penseli laini majina ya waliosimama kando ya gari. Jina la mwenye gari likijulikana, daftari la usajili, tangazo la gazeti au risiti ya wakala vinaweza kumaliza swali ambalo rejeta na taa zimeshindwa kulijibu.